Mifuko ya mchanga kwenye utoro wa maji: jibu kwa katibu wa kamati ya bwawa, Uyui

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya bwawa katika kijiji kimoja wilayani Uyui, mkoa wa Tabora. Bwawa letu ni la udongo. Wazee wanasema lilijengwa wakati wa Operesheni Vijiji. Tuta lina kimo cha nyumba ya bati, na likijaa maji yanafunika kama ekari kumi. Mwaka juzi lilikauka mwezi wa tisa, ng'ombe wakateseka. Kwa hiyo vijana wakapanga mifuko ya mchanga kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada bwawa likijaa, safu tatu, na juu yake wakafunga wavu ili perege wasitoroke. Kweli bwawa likajaa kuliko zamani na maji yakatufikisha mpaka mvua mpya. Lakini sasa chini ya tuta, karibu na bomba la zamani, pana unyevu usiokauka na majani mabichi hata kiangazi. Juu ya tuta kuna vichuguu viwili na miembe mitatu. Mwenyekiti anasema bwawa limesimama miaka hamsini, halitaanguka leo. Mimi mvua ikinyesha usiku silali. Je, nina haki ya kuogopa? Na tuzibe wapi kwanza?

Jibu: Mwangaluka, mama katibu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana neno "tuzibe" limenishtua. Msizibe kitu chochote kwa sasa. Kazi iliyo mbele yenu ni kuzibua. Mifuko itoke kwenye utoro, na wavu utoke, kabla mvua za Novemba hazijaanza. Mengine nitakayoyaeleza hapa yanaweza kusubiri wiki moja, mengine hata mwaka. Hilo la mifuko lisisubiri kikao.

Kuogopa una haki, ila naona macho yako yamekaa kwenye ule unyevu wa chini, na mimi yangu yako kwenye utoro. Tuta la udongo lina maadui wawili wakubwa: maji yanayopita juu yake na maji yanayopita ndani yake. Ukichukua mabwawa ya udongo yaliyowahi kuvunjika duniani, karibu nusu yalikufa kwa adui wa kwanza na karibu nusu kwa wa pili. Kuporomoka kwa ubavu wa tuta peke yake, jambo ambalo watu huliogopa zaidi, ni sehemu ndogo sana. Sasa utoro ndio ulinzi wa pekee dhidi ya adui wa kwanza, na kijiji chenu kimeuziba kwa mikono yake.

Hukunitajia upana wa utoro wenu, basi nichukulie hatua sita, yaani meta 6 hivi, na kwamba kutoka kwenye kizingiti chake hadi mgongo wa tuta ni meta moja. Kwa mabwawa ya rika hilo ni makisio ya kawaida. Utoro wa namna hiyo ukiwa mtupu na maji yakafika juu kabisa, unapitisha kama meta za ujazo 10 kila sekunde. Weka mifuko safu tatu, kimo chake sentimeta 45, inabaki nafasi ya sentimeta 55. Mtu atasema umepunguza nusu. Maji hayahesabu hivyo, kwa sababu yakipungua kina yanapungua na mwendo. Utoro huo sasa unapitisha kama meta za ujazo 4, na hapo wavu haujakamata majani, matete na chupa za plastiki.

Upande wa pili wa hesabu ni mvua. Bonde linalolisha bwawa likiwa na ukubwa wa kilometa 5 za mraba, ikanyesha milimeta 60 usiku mmoja, kitu ambacho Tabora si ajabu, na nusu yake ikatiririka kwa kuwa ardhi tayari imeshiba, yanakuja maji meta za ujazo 150,000. Yakija kwa muda wa saa nne ni zaidi ya meta za ujazo 10 kwa sekunde. Utoro mtupu unaweza kuyabeba kwa taabu. Utoro wenye mifuko unabaki nyuma, na maji yanayobaki yanapanda juu ya ekari zenu kumi. Kwa vipimo hivi yanafika mgongoni mwa tuta chini ya saa moja. Yakishaanza kumwagika upande mkavu hayarudi. Yanakata udongo kuanzia chini, mkato unapanda kwenda juu, halafu unarudi nyuma kuelekea maji, na ukifika bwawani hakuna mtu wala jembe la kuuzuia.

Nitamgusa na mwenyekiti kidogo, kwa heshima zote. Anaposema tuta limesimama miaka hamsini, anasema kweli kuhusu sehemu ya tuta iliyofanya kazi miaka hamsini. Ile meta ya juu, iliyo juu ya kizingiti cha utoro, haijawahi kushika maji kwa muda wa maana tangu trekta liliposhindilia udongo wake. Mafuriko yalipokuja yaliigusa kwa saa chache, yakashuka. Ni kama mlinzi aliyekaa kazini miaka hamsini bila kuona mwizi: huwezi kusema ni hodari, wala kwamba ni mwoga. Hajajaribiwa. Mifuko ya vijana imeyapandisha maji hadi kwenye udongo huo ambao haujajaribiwa, na yakakaa pale kwa miezi.

Na udongo huo wa juu ndio uliochakaa kuliko wote. Fikiria nani ameishi humo. Mchwa hawapendi udongo uliolowa, kwa hiyo kwenye tuta wanajenga juu ya usawa wa kawaida wa maji, hapo hapo penye ukavu. Kichuguu unachokiona ni paa tu. Chini yake kuna chumba cha malkia na mapito mengi yanayotawanyika pande zote, mengine yanaweza kuvuka tuta kutoka upande hadi upande. Maji yakiwa chini yao, mapito hayo hayana madhara. Maji yakipandishwa sentimeta 45, yanakuta milango iko wazi. Mizizi ya miembe nayo iko humo. Na kama tuta lenu lilijengwa kwa udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi hadi mkono wa mtoto ukaingia, basi mgongo wote una nyufa kila Oktoba, kabla mvua ya kwanza haijalainisha kitu.

Ndiyo maana nikasema unyevu wa chini si wa kwanza kwenye orodha yangu. Mimi mwenyewe nilijifunza vibaya. Nilipokuwa fundi sanifu kijana nilitumwa kuangalia bwawa moja dogo lililovunjika mkoani humu. Wanakijiji walinionyesha mahali palipokuwa panavuja kwa miaka, chini ya tuta. Walikuwa wamepazungushia mawe na kupaombea. Pale palikuwa pazima kabisa. Tuta lilikatika hatua arobaini pembeni, mahali ng'ombe walipozoea kuvuka kwenda kunywa. Kwato zilikuwa zimepalainisha na kupashusha kiasi cha goti moja kuliko sehemu nyingine za mgongo. Maji yalipopanda yalitafuta mahali pa chini kabisa, yakapita njia ya ng'ombe. Kwenye utoro nilikuta uzio wa fito na matete. Nilipouliza ni wa nini, nikaambiwa: samaki.

Marekani walilipia kosa hilo kwa bei ambayo haijasahaulika. Juu ya mji wa Johnstown, jimbo la Pennsylvania, kulikuwa na bwawa la udongo la South Fork, la zamani, lililonunuliwa na klabu ya matajiri kwa ajili ya kuvua samaki. Mabomba ya kushushia maji chini ya tuta yalikuwa yameshang'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu, na hayakurudishwa. Mgongo wa tuta ulishushwa kidogo ili magari ya farasi yapishane. Kwenye utoro wakaweka vyuma vya kuzuia samaki wasitoke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikanyesha, takataka zikakamatwa kwenye vyuma, maji yakapita juu ya tuta. Walikufa watu 2,209. Bwawa lile lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko lenu, sikutajii ili nikutishe kwa idadi. Nakutajia kwa sababu mambo matatu yaliyoliua yapo kwako yote au yanakaribia kuwapo: bomba la kushushia maji lisilofanya kazi, mgongo wenye bonde, na samaki waliothaminiwa kuliko utoro.

Basi nenda kapime mgongo wenu. Huhitaji darubini ya mpima ardhi. Mafundi wa kujenga nyumba wana mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wanautia maji na kupimia levo. Chukueni mpira huo, anzeni kwenye kizingiti cha utoro, mtembee mgongo mzima mkipiga kigingi kila hatua kumi na kuandika kimo. Asubuhi moja mtakuwa mmejua mahali pa chini kabisa ni wapi na pamepungua kiasi gani. Papandisheni kwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kidogo, tabaka la kina cha kiganja, mkishindilia kila tabaka kabla ya kuweka jingine. Kumwaga lori la kifusi mara moja na kulikanyaga juu ni kazi bure. Njia ya ng'ombe muihamishie mwisho wa tuta, na hapo mpange mawe.

Sasa twende kwenye unyevu.

Kila tuta la udongo linavuja. Lisilovuja kabisa sijalikuta bado. Swali ni maji yanatoka na nini. Chukua chupa ya maji ya kunywa isiyo na rangi, kinga pale yanapotokea, iache mezani mpaka kesho. Ikiwa maji ni maangavu na chini hakuna kitu, tuta linatoa jasho. Ikiwa chini pametuama udongo, hata unene wa ukucha, tuta linaliwa kutoka ndani, kidogo kidogo, na shimo linajichimba kurudi nyuma kuelekea bwawani. Hapo ni siku ya kupiga simu wilayani, si ya kuandika barua. Kama panatiririka, chimba kijifereji kidogo upitishe maji kwenye kipande cha bomba, kinga kwa ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Andika kwenye daftari tarehe, sekunde, na kimo cha maji bwawani siku hiyo. Daftari la namna hiyo la miezi sita litamsaidia mhandisi kuliko maelezo ya mkutano mzima wa kijiji. Mvujo unaoongezeka maji yakipanda na kupungua yakishuka una tabia inayotabirika. Unaoongezeka huku maji hayajapanda ndio wa kuogopa.

Na jaribio jingine, la bure. Chukua kidonge cha udongo wa tuta, ukubwa wa punje ya hindi, kikiwa na unyevu wake wa asili. Kitie taratibu kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia, usikoroge. Kikisambaratika chini na maji yakabaki safi, afadhali. Maji yakigeuka kama uji au maziwa kuzunguka kidonge, huo ni udongo unaoyeyuka wenyewe, na tuta la udongo huo likipata ufa mmoja tu linaweza kutoboka kwa muda mfupi.

Unyevu wenu uko karibu na bomba la zamani, na hilo halinishangazi hata kidogo. Kushindilia udongo kwenye tumbo la bomba, upande wa chini, ni kazi ngumu hata leo. Miaka ile pengine haikufanyika. Maji yanateleza kandokando ya chuma kwa nje. Chuma chenyewe kikishaliwa na kutu kinatoboka ndani ya tuta, na maji yenye nguvu yanaingia kwenye udongo mahali usipoweza kupaona. Je, koki ya bomba hilo inafunguka? Kama haijaguswa miaka ishirini, msiilazimishe kwa nyundo. Ikivunjika ikiwa wazi hamtakuwa na njia ya kuifunga.

Sasa kosa ambalo karibu kila kijiji hulifanya. Wanaona maji yanatoka upande mkavu, wanaleta udongo wa mfinyanzi, wanapiga plasta. Kwa siku mbili panakauka, watu wanapongezana. Maji hayajaondoka, yamekosa mlango, yanajikusanya ndani, yanasukuma. Ukiyazuia upande mkavu unaongeza shinikizo ndani ya tuta, yatatafuta mlango mwingine, mkubwa zaidi, na hutachagua wewe utakuwa wapi. Dawa ni kinyume: yaache maji yatoke, uzuie udongo usitoke nayo. Mwaga mchanga safi wa mtoni juu ya sehemu yote inayovuja na hatua moja pembeni, unene wa sentimeta 20. Juu yake kokoto ndogo, unene huo huo. Juu ya kokoto weka mawe ya kuzipa uzito. Mchanga unakamata udongo wa tuta, kokoto zinakamata mchanga, mawe yanazuia vyote visiinuliwe. Mpangilio usigeuzwe. Mawe yakitangulia kuwekwa moja kwa moja kwenye udongo, udongo utapita katikati yake kama unga kwenye chekeche. Hiyo ni huduma ya kwanza, mama, haichukui nafasi ya mhandisi.

Kama maji yamechafuka na yanaongezeka, dawa ya kweli ni kushusha kimo cha maji. Bila koki, tumieni bomba la kufyonza: bomba la inchi 6 linalopanda juu ya tuta na kushuka upande mkavu, linajazwa maji likiwa limezibwa pande zote, mdomo wa bwawani ukiwa umezama vizuri, kisha linazibuliwa. Kama mdomo wa chini uko meta 3 chini ya usawa wa bwawa, linatoa lita 50 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya meta za ujazo 4,000 kwa siku, na ekari zenu kumi zitashuka sentimeta 10 kila siku. Maji yanayotoka yamwagike kwenye mawe mbali na mguu wa tuta. Wala msitamani kwenda mbio na mabomba matano: udongo wa upande wa maji umelowa, ukiondoa maji haraka mno unaporomoka wenyewe. Sentimeta 30 kwa siku ndio mwisho wangu, isipokuwa kama tuta tayari linakatika.

Miembe mitatu. Hapa nakiri kosa langu. Kuna tuta nililoamuru miti yake yote ikatwe kwa panga na shoka, tukaacha visiki, nikaandika kwenye ripoti kwamba kazi imekamilika. Miaka michache baadaye mizizi ilikuwa imeoza, ikaacha mashimo marefu ndani ya tuta, na mvujo ukaanza mahali ambapo mti ulipokuwa hai palikuwa pakavu. Mti mkubwa ukiukata lazima uung'oe na mizizi yake mikubwa, ujaze shimo kwa udongo wa kushindilia, na kazi hiyo inafanyika maji yakiwa chini kabisa, chini ya macho ya mtaalamu. Kwa hiyo miembe iacheni msimu huu, lakini kila kichaka chenye shina jembamba kuliko kifundo cha mkono king'oeni sasa, kisije kikawa mwembe wa mjukuu wako. Pandeni majani mafupi yenye mizizi mingi. Najua Tabora kumwambia mtu aondoe mwembe ni kutafuta ugomvi.

Vichuguu vichimbeni, hadi kwenye chumba cha malkia na zaidi, mpaka mapito yaishe. Jazeni kwa tabaka mkishindilia. Kuua mchwa kwa dawa bila kujaza ni kuwafukuza wapangaji na kuacha nyumba wazi. Dawa yenyewe karibu na maji ya kunywa sitaki hata kuisikia.

Nani mwenye wajibu? Hapa watu huzungushana sana, kwa sababu mabwawa ya vijiji yalijengwa na mikono mingi: mengine kwa ajili ya mifugo, mengine ya umwagiliaji, mengine ya kunywa, na idara zilizoyajenga zilishabadilika majina. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 na kanuni za usalama wa mabwawa za mwaka 2013 zinamtaka mmiliki wa bwawa alitunze liwe salama, na mmiliki ndiyo hoja yenyewe. Ushauri wangu: andikeni barua moja, si tatu. Iende kwa meneja wa wilaya wa RUWASA, yaani wakala wa maji vijijini, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako Kigoma, ikiwa mto wenu unaishia Igombe au Ugalla. (Jirani zako wa Igunga, ambao maji yao yanakwenda Wembere, wao ni Bonde la Kati, ofisi ziko Singida.) Ndani ya barua wekeni vipimo vya mpira, hesabu ya ndoo, picha, na idadi ya kaya zilizo chini ya bwawa. Barua inayosema "bwawa letu ni bovu" inawekwa kwenye faili. Inayosema "mvujo umetoka sekunde 90 kwa ndoo hadi sekunde 40 tangu Januari, na kuna kaya 37 bondeni" inasumbua usingizi wa mtu.

Hizo kaya, hata kama idadi nimeiweka kwa mfano, ndizo nilizokuwa nazingojea uzitaje na hukuzitaja. Bwawa lilipojengwa, bondeni labda palikuwa na majaruba ya mpunga tu. Leo je? Tuta halijabadilika kimo, lakini hatari yake imekua kila nyumba ilipojengwa chini yake. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la shamba la mtu binafsi lilivunjika likaua watu zaidi ya 40, wengi wakiwa ndani ya nyumba zao. Maji hayakusubiri mtu avae viatu. Kwa hiyo teueni watu wawili wa kulala karibu na tuta kila usiku wa mvua kubwa, wenye tochi, simu na filimbi. Pigeni kigingi chekundu utoroni: maji yakikifikia, watu wa bondeni wanaondoka, hakuna kuulizana. Mna Sungusungu na yowe lao, ambalo kila mtoto wa Unyamwezi analijua. Tumieni hilo hilo, ila wakubaliane mapema ishara ya bwawa iwe tofauti na ya wezi wa ng'ombe, la sivyo watu watakimbilia tutani na mikuki badala ya kukimbilia kilimani na watoto. Na njia ya kukimbilia iwe ya kupanda pembeni. Anayekimbia kufuata bonde anakimbia njia moja na maji.

Najua ukiwasomea vijana haya watakuuliza: na mwezi wa tisa je? Ni swali la haki. Mifuko ile ilifanya kazi. Sentimeta 45 juu ya ekari kumi ni maji mengi, na si kila kijiji kimefikiwa na bomba la Ziwa Victoria. Lakini tazama maji hayo yamekaa wapi: juu juu, yametandazwa, jua linayanywa milimeta 5 au 6 kila siku kwenye eneo lote. Chimbeni chini badala ya kupandisha juu. Shimo la ekari moja katikati ya bwawa, lenye kina cha meta 2 chini ya sakafu ya sasa, linashika meta za ujazo 8,000. Ng'ombe 500 wanaokunywa lita 40 kila mmoja wanatumia meta za ujazo 20 kwa siku. Jua kwenye ekari moja linachukua kama 24. Kwa hesabu hiyo shimo linawapa kama miezi sita baada ya bwawa lingine lote kukauka, bila kugusa utoro. Tope litakalotoka ni mbolea. Wenye mashamba watalibeba wenyewe. Msichimbe karibu na tuta, acheni angalau hatua thelathini, na msivuke udongo mgumu wa chini, msije mkatoboa sakafu inayoshika maji. Kwa majembe ni kazi ya watu mia kwa siku arobaini hivi. Kwa mashine ya kuchimbia ni ya siku kadhaa, na hilo ndilo ombi la kuambatanisha kwenye ile barua. Ng'ombe wasiingie bwawani tena. Maji yatoke kwa bomba jipya hadi mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, iliyo chini, mbali na mguu wa tuta.

Na kama baada ya yote mnataka bwawa liinuliwe, linaweza kuinuliwa: tuta lipandishwe kwanza, utoro upanuliwe, ndipo kizingiti kipande, kwa kibali na kwa mchoro wa mhandisi. Vijana walianza na kizingiti.

Mifuko ikishatoka, mwambie kijana mmoja asimame katikati ya utoro na mwingine kwenye mgongo wa tuta, mpige picha ya pamoja. Nitumie hiyo, pamoja na ile chupa ilivyotuama asubuhi. Upana wa hatua sita nimeukisia tu, na kila meta moja inayopungua hapo inabadilisha hesabu yangu yote.